Baraka Haifagii Paa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia uani mwa kanisa kuligonga tangi. Aligonga kwa vifundo vya vidole, akianzia pale juu mkono wake ulipofika, akashuka mpaka chini, sikio amelibana kwenye bati. Tangi lenye maji hujibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba. Tangi tupu hulia. Mwaka ule tangi lililia kutoka juu mpaka chini, na msichana alikuwa amechoka kupeleka nyumbani habari ile ile.

"Linasemaje leo?" aliuliza Bibi, ameketi kizingitini akichambua maharage.

"Linasema lina njaa, Bibi."

"Lipe pole. Liambie halipo peke yake."

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyempa jina hilo la Chiriku, kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakunyamaza. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata akizibwa mdomo ataongea kwa magoti. Lakini sauti ile ilikuwa na kazi yake. Katika kwaya ya watoto hakuna aliyemfikia, na akiimba, hata wazee waliokuwa wakisinzia nyuma walifungua macho.

Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilikuja katika mwezi wake, ikapiga hodi kwa radi, ikaingia. Wanaume wa kanisa walijua lini wapande kufagia paa, na wanawake walijua lini waandae mbegu. Siku hizi ilikuja kama mgeni mlevi: leo inavunja milango, kesho haionekani, na ukiuliza itarudi lini hakuna wa kukujibu. Kilima kilichokuwa nyuma ya mtaa kilikwisha nyolewa miti yote kwa ajili ya mkaa, na visima vya bondeni vilitoa tope.

Miaka michache kabla ya mwaka ule, ukame ulipozidi, mchungaji alivuka barabara akakaa na imamu wa msikiti uliokuwa ng'ambo. Wakakubaliana mambo mawili. Kwanza, kila nyumba ya ibada ivune maji ya mvua kutoka kwenye paa lake. Pili, watoto wa pande zote mbili wapande miti kilimani. Kanisa lilikuwa na paa kubwa, kwa hiyo likawekewa tangi kubwa. Msikiti ukawekewa dogo. Watu wa kanisa, Mungu awasamehe, walijivunia tangi lile kana kwamba ukubwa wa bati ni ukubwa wa imani.

Mlinzi wa kwanza wa tangi alikuwa Bibi. Magoti yake yalipokataa, kazi ikapewa watoto wa kanisa, mmoja baada ya mwingine kwa zamu, na Bibi akawa mwalimu wao. Aliwafundisha jambo moja kuliko yote. Bomba lililoshuka kutoka kwenye mifereji ya paa lilikuwa na kipande kilichopinda, ambacho watoto walikiita kiwiko. Kiwiko kile kiligeuzwa kwa mkono. Kikitazama tangi, maji yaliingia. Kikitazama nje, maji yalimwagika uani.

"Mvua ya kwanza si ya kunywa," Bibi aliwaambia. "Mvua ya kwanza ni ya kulikosha paa. Kiwiko kitazame nje mpaka maji yawe meupe. Hapo ndipo mgeuze. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Bibi!"

"Mmenielewa au mmenijibu?"

Watoto walicheka. Lakini walielewa.

*

Mchungaji alitangaza juma la kuomba mvua. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, na akipata wazo zuri hakuweza kulilaza mpaka kesho yake. Siku ya kwanza ya maombi alisimama mbele akanyoosha kidole kuelekea uani.

"Ndugu zangu, tunamwomba Mungu mvua, halafu bomba letu tumeligeuza nje. Hiyo ni imani gani? Ni kumwalika mgeni huku umetia kufuli mlangoni. Watoto, nendeni mkageuze kiwiko kitazame tangi. Iwe ishara kwamba tunaamini!"

Watu wakapiga makofi. Bibi akainuka polepole kwa fimbo yake.

"Mchungaji, ishara ni njema. Lakini paa halijafagiwa tangu mwaka jana, na juu yake wanalala njiwa. Na njiwa hawajaokoka."

Kanisa zima likaangua kicheko, na mchungaji mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Wanaume waliahidi kwamba watafagia wakiona mawingu. Hakuna aliyeuliza kama mawingu ya siku hizi yangewasubiri wakatafute ngazi.

"Basi tuweke mlinzi," alisema mchungaji. "Tone la kwanza likianguka, akimbie akageuze nje. Paa likishaoshwa, arudishe. Zamu ni ya nani?"

"Ya Chiriku," alisema Meno, mvulana wa rika lake, aliyeitwa hivyo kwa sababu meno yake hayakukubali kufichwa.

"Chiriku, tumekukabidhi," alisema mchungaji.

"Nimepokea, Mchungaji," akajibu kwa sauti ya mtu anayekabidhiwa funguo za mji.

Tangu siku ile alikaa karibu na mlango wa pembeni, hatua chache tu kutoka kwenye bomba. Juma lile alipanda pia ngazi fupi iliyokuwa nyuma ya kanisa akachungulia mfereji. Aliona majani makavu, kinyesi cha njiwa kilichoganda kama saruji, na njiwa mmoja mfu, mabawa yamefunguka. Alishuka haraka. Alikusudia kumwambia mtu, kisha kengele ya mazoezi ya kwaya ikalia.

Kwa maana kulikuwa na jambo jingine lililomjaa kichwani. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempa ubeti wa mwisho wa wimbo wa kufunga maombi, auimbe peke yake.

"Sauti nyingine zote zitanyamaza," mwalimu alimwambia. "Itabaki yako tu. Utaweza?"

Aliuimba akichota maji, akifua, hata akiwa chooni, mpaka Mama akapiga ukuta wa mabati: "Wewe! Huko ndani unatoa ushuhuda?"

*

Siku ya kufunga maombi kanisa lilijaa mpaka nje. Joto lilikuwa la kukamua. Kwaya ilianza, beti zikapita, na Chiriku alikuwa amesimama mahali pake karibu na mlango wa pembeni, akisubiri wenzake wanyamaze.

Ndipo aliposikia kitu juu ya bati. Tik. Kama mtu ametupa punje ya mahindi. Kisha nyingine. Tik, tik.

Aliyesikia alikuwa yeye peke yake. Wengine walikuwa wamefumba macho. Kwaya ilikuwa inamaliza ubeti wake, na mwalimu alikwisha inua mkono kumwelekea.

Kwenda na kurudi kungemchukua muda wa kuimba ubeti mmoja. Aliutazama mlango. Akautazama mkono wa mwalimu. "Ubeti mmoja tu," akajiambia. "Nikimaliza nakimbia."

Akaimba.

Tangu azaliwe hakuwahi kuimba vile. Sauti yake ilipanda peke yake ndani ya kimya, na katikati ya mstari wa pili paa zima likanguruma. Watu wakafumbua macho. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mvua!" Mama mmoja akaanguka kwa magoti. Mwalimu wa kwaya alilia huku mkono wake bado uko juu, akimwashiria arudie, na Chiriku akarudia, akashindana na ngurumo ya bati, akarudia tena. Kisha umati ukabubujika nje, wazee kwa watoto, wakicheza kwenye mvua na nguo zao za ibada, na yeye akabebwa juu mabegani.

"Sauti ya mtoto huyu ndiyo iliyofungua mbingu!" walisema.

Alipowekwa chini alikimbilia kwenye bomba. Kiwiko kilikuwa kinatazama tangi, na maji yaliyopita yalikuwa meupe kama machozi. Uchafu wote ulikwisha ingia. Alisimama pale, maji yakimtiririka usoni, mkono ameuweka juu ya kiwiko ambacho hakikuwa tena na sababu ya kugeuzwa.

"Uligeuza?" Meno alikuwa nyuma yake, amelowa chapachapa, anacheka.

Kiwiko kilikuwa pale pale ambapo kingekuwa kama angefanya kazi yake yote. Hakuna jicho ambalo lingejua tofauti.

"Niligeuza nje, nikarudisha," alisema Chiriku.

"Saa ngapi? Si ulikuwa unaimba?"

"Kabla. Wewe ulikuwa umefumba macho."

"Una miguu ya swala wewe!" Meno akasema, akarudi kucheza.

Uongo wa kwanza huwa mwepesi hivyo. Ni kama deni la chumvi: unakopa kidogo, na jirani hakuulizi.

*

Asubuhi iliyofuata walikusanyika uani kushukuru. Katika kanisa lile maji mapya hufunguliwa na mwenye umri mkubwa kuliko wote, naye alikuwa Bibi. Mchungaji mwenyewe alikinga kikombe kwenye koki ya tangi akampa kwa mikono miwili.

Bibi hakunywa mara moja. Aliinua kikombe akakitazama kwenye mwanga, kisha akamtafuta mjukuu wake kwa macho katikati ya watu.

"Uligeuza, mama?"

Watu wote walimgeukia Chiriku, na wote walikuwa wakitabasamu. Hapo ndipo ulipokuwa mlango wake wa mwisho wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Lakini nyuso zile zilikuwa bado zinamwona msichana aliyefungua mbingu.

"Niligeuza, Bibi."

"Basi sina wasiwasi." Bibi akanywa kikombe chote, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akasema, "Matamu."

Nyumbani mwao maji ya kunywa yalichemshwa siku zote. Lakini maji haya nani angeyachemsha? "Ukichemsha baraka si itakuwa mvuke?" alisema mama mmoja, na watu wakacheka, wakajaza ndoo zao. Chiriku alisema hana kiu. Alisema hivyo siku ile, na iliyofuata.

Siku ya tatu Bibi hakuamka kukaa kizingitini. Tumbo lilimkata usiku kucha, na kulipokucha alikuwa akiendeshwa chooni akiwa ameshikwa huku na huku. Nyumba ya tatu kutoka kwao mtoto mchanga alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Kufika mchana viti vya zahanati havikutosha, na wagonjwa wengine walilazwa sakafuni juu ya mikeka.

"Mmekunywa maji gani?" aliuliza muuguzi.

"Maji ya kanisa," walijibu. "Lakini hayo ni maji ya maombi, dada. Hayawezi kuwa hayo."

"Yalichemshwa?"

Wakatazamana kama watu walioulizwa kama walimwombea ng'ombe.

Binadamu akikataa kulitazama kosa lake, hulitafutia mtu wa kulibeba. Kulikuwa na mzee aliyeuza maji kwa mkokoteni, akichota kwa ruhusa kwenye tangi dogo la msikiti, alikokuwa akisali. Mtu mmoja alikumbuka kwamba alinunua kwake dumu moja. Mwingine naye akakumbuka. "Huyo ndiye anayetulisha sumu!" wakasema, na kabla ya jioni vijana waliokuwa wakicheza mvuani juma lile lile walimzingira barabarani, wakachana madumu yake kwa visu mbele ya macho yake. Mzee hakupigana. Alisimama akishika mpini wa mkokoteni huku maji yakimpita miguuni.

Chiriku aliyaona yote akiwa amesimama dirishani. Alitaka kupiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

"Chiriku, mbona siku hizi kimya?" Mama aliuliza nyuma yake. "Nawe unaumwa?"

"Hapana, Mama."

Mama alikuwa amebeba kikombe. Alipita nacho mpaka kitandani kwa Bibi, akampitishia mkono chini ya shingo, akamwinua kichwa. Midomo ya Bibi ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa bondeni.

"Kunywa, Mama," alisema. "Nimekuletea ya kanisani. Muuguzi amesema unywe maji mengi. Haya ndiyo yatakayokuponya."

Kikombe kikagusa midomo.

"Asinywe!" Chiriku alikuwa amekwisha ruka. Alikipiga kikombe, kikaanguka, maji yakamwagika kwenye shuka. "Asinywe, Mama! Sikugeuza! Sikugeuza, nilikuwa naimba!"

Mama alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Kisha akakiokota kikombe, akakiweka mezani taratibu, na utaratibu ule ulimuumiza Chiriku kuliko kofi.

"Na Bibi alipokuuliza? Mbele ya watu?"

Chiriku aligeuka kumtazama Bibi. Bibi alikuwa macho. Alikuwa amesikia. Alimtazama mjukuu wake kitambo, halafu akageuza uso ukutani.

"Vaa viatu," alisema Mama. "Mdomo uliousimamisha mbele ya kanisa kuimba, utausimamisha pale pale kusema."

*

Kengele ikapigwa, na walioweza kutembea wakaja. Chiriku alisimama karibu na mlango wa pembeni, mahali pale pale. Safari hii pia sauti nyingine zote zilinyamaza, ikabaki yake tu. Alisema njiwa mfu alimwona. Alisema tone la kwanza alilisikia. Alisema mzee wa mkokoteni hana kosa. Alisema, "Nilimdanganya Bibi, akanywa."

Hakuna aliyempiga. Lakini mama wa mtoto mchanga alikuwa amesimama karibu, khanga imefungwa kiunoni ovyo ovyo, na aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwanangu amelazwa sakafuni. Na mimi nilikubeba begani."

Akatoka nje. Wimbo wowote ambao Chiriku angeimba maishani mwake usingeweza kulifunika neno lile.

Mchungaji aliposimama, sauti yake haikutetemesha dirisha lolote.

"Mtoto huyu amedanganya, na amesema. Sasa ni zamu yangu. Kiwiko hakikugeuzwa kutazama tangi na Chiriku. Kiligeuzwa kwa neno langu, nikaliita imani. Paa halikufagiwa, na sisi wanaume tukaliita subira. Maji hayakuchemshwa, tukayaita baraka. Na tulipougua tukamchania mzee madumu, sijui hilo tuliliita nini. Mungu aliombwa mvua, akatupa. Kufagia hakutuahidi. Baraka haifagii paa, ndugu zangu. Paa hufagiwa na mtu mwenye ufagio."

Kisha akavua koti lake la ibada, akatoka. Alimkuta mzee wa mkokoteni kwake, amekaa juu ya dumu moja lililosalia zima.

"Baba, tumekukosea," alisema mchungaji.

"Madumu yanapatikana," mzee alijibu, bila kuinuka. "Lakini mmenivunjia jina, nalo haliuzwi dukani. Kesho nani atanunua maji kwangu?"

Kesho yake watu walimwona mchungaji akisukuma mkokoteni mtaa kwa mtaa, amekunja suruali, mzee akitembea kando yake, na kila mlangoni alisema, "Maji ya mzee huyu ni safi. Machafu yalikuwa yetu." Wengine walinunua. Wengine walichungulia tu, wakafunga mlango. Uvumi una miguu, lakini ukweli lazima usukumwe.

Halafu ikaja kazi ya kulimwaga tangi. Mvua ilikuwa imekatika, na anga lilikuwa tupu na jeupe kama sahani iliyolambwa. Watu walisimama uani wakilitazama tangi lililojaa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulifungua. Waliyaomba maji yale kwa machozi.

Ni imamu aliyevuka barabara safari hii, watoto wa msikitini nyuma yake wamebeba ndoo.

"Yasiyofaa mdomoni yanafaa mizizini," alisema. "Miche yetu ya kilimani inakufa. Tuyapeleke huko. Na ya kunywa njooni mchote kwetu. Ni kidogo, lakini tutagawana."

Watu wa kanisa waliinamisha vichwa. Wengine kati yao walikuwa ndugu wa vijana wenye visu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukumbushwa madumu.

Chiriku alifungua koki mwenyewe. Watoto wa pande zote mbili walipanda kilima na kushuka mpaka mikono ikawaota malengelenge, na Meno alibeba ndoo kando yake bila kumtania hata mara moja, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia. Tangi lilipobaki na maji ya kifundoni waliingia kulisugua. Meno akainua kitu kutoka kwenye tope la chini, akakishika mbele ya macho ya Chiriku: manyoya ya njiwa, yamenata pamoja, yamegeuka rangi ya chai. Alimwonyesha tu.

Jioni Chiriku aligonga tangi kwa vifundo vya vidole. Lililia kutoka juu mpaka chini.

*

Mtoto mchanga alipona. Bibi naye alipona, lakini nguvu zake hazikurudi zote, na mkono uliokuwa ukichambua maharage ukawa unatetemeka. Hakumgombeza mjukuu wake. Alimwita "mama" kama zamani, akamsuka nywele kama zamani. Ila jambo moja lilikuwa limetoweka, na Chiriku alisikia kutokuwepo kwake kila siku: Bibi hakumuuliza tena tangi linasemaje. Alimuuliza Meno.

Ukame uliendelea. Walipanga foleni msikitini, ndoo moja kwa kila nyumba. Wanaume wa kanisa walipanda juu na mifagio mwanzoni mwa kila mwezi, mawingu yawepo yasiwepo, kwa kuwa mvua haikuwa tena na mwezi wake. Wakafunga wavu kwenye mifereji. Kiwiko kikageuzwa kutazama nje, na mchungaji alipiga marufuku kukigeuza kwa ishara ya aina yoyote.

Mvua ilirudi mchana mmoja wakati kwaya ilikuwa katika mazoezi. Chiriku hakuwa na zamu. Hata hivyo alikuwa wa kwanza kutoka, ameacha wimbo katikati ya neno. Alilikuta bomba linatema maji ya hudhurungi uani, kiwiko kikiwa kinatazama nje kama inavyopasa. Alisimama pale kwenye mvua, hakukigusa.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Bibi aliingia na fimbo yake, khanga imelowa imemng'ang'ania kichwani, akichechemea kwenye matope. Hakuna mtu aliyemwita.

"Bibi! Utapata baridi! Kinatazama nje, nimeangalia!"

"Nimekusikia," alisema Bibi, akaendelea kuja. Aliinama mbele ya bomba, akakinga kiganja kinachotetemeka, akayatazama maji kwa macho yake mwenyewe. Chiriku alielewa, na mvua ikamsaidia kuficha machozi.

Wakasubiri pamoja. Maji yakapauka, yakawa kama chai ya maziwa, kisha kama maji ya mchele, kisha meupe.

"Sasa," alisema Bibi. "Geuza."

Chiriku akageuza.

Kesho yake walikusanyika kushukuru. Maji yalikuwa yamechemshwa, na kikombe alichokijaza mchungaji kutoka kwenye sufuria kilikuwa bado vuguvugu. Alimpa Bibi kwa mikono miwili. Bibi alikipokea, kisha akatikisa kichwa.

"Desturi yetu tuibadilishe," alisema. "Mimi uzee wangu hauwezi kuyasafisha maji. Kuanzia leo, aliyegeuza kiwiko ndiye atakayekunywa kwanza. Njoo, mama."

Chiriku alikipokea kikombe mbele ya watu wote. Mama wa yule mtoto alikuwepo, mtoto mgongoni, akimtazama. Hakuna aliyetabasamu. Alikunywa mpaka mwisho.

"Nakupenda," Bibi alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani, mkono wake mzito begani mwa msichana. "Hilo lisikutie shaka, halijapungua hata tone. Lakini kuamini ni kitu kingine. Kuamini ni kama tangi lile. Hujazwa kwa matone, na humwagwa kwa koki moja. Na hata ukitubu vipi, mjukuu wangu, tangi halijazwi kwa machozi. Unalisugua, unafagia paa, unakaa unasubiri mvua."

"Itachukua muda gani, Bibi?"

"Mvua za siku hizi hazina ratiba," alisema Bibi. "Wewe fagia tu."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia uani mwa kanisa akagonga tangi. Lilijibu kwa sauti nzito mpaka usawa wa kifua chake. Nyumbani Bibi alikuwa kizingitini na ungo wa maharage. Chiriku alipita karibu naye polepole, akisubiri swali. Bibi alichambua maharage, akatupa moja bovu, akachambua jingine, na hakuuliza.

Chiriku aliingia ndani, akachukua ufagio.